Damu Kuganda Mishipani: Mwongozo wa Mwanamke wa Kuijua Hatari Yake na Kujikinga

Mwanamke aliyejifungua wiki mbili zilizopita akisema shavu la mguu linamuuma, mara nyingi huambiwa ni uchovu: lala, kesho utaamka mzima. Na mara nyingi kweli huamka mzima. Lakini wiki hizo ndizo ambazo damu yake ina uwezekano mkubwa wa kuganda ndani ya mshipa kuliko wakati mwingine wowote wa umri wake wa kuzaa, na donge lililo mguuni leo linaweza kuwa kwenye mapafu kesho. Wakati huo macho yote yako kwa mtoto. Mama naye atazamwe.

Hatari hii haikai mahali pamoja. Hupanda na kushuka kwa vipindi, na karibu vipindi vyote hujulikana mapema. Tarehe ya makadirio ya kujifungua unaijua. Siku ya upasuaji umepangiwa. Siku ya kuanza vidonge vya uzazi wa mpango unaichagua mwenyewe. Ukivijua vipindi vyako, unaweza kuweka kinga kabla havijaingia badala ya kungoja dalili. Dozi ya dawa hutaipata hapa, hiyo ni kazi ya daktari wako. Utapata cha kujua, cha kuuliza na cha kudai.

Kwa nini damu igande ndani ya mshipa mzima?

Mishipa tunayoizungumzia ni vena, ile inayorudisha damu kwenye moyo. Damu ya mguuni lazima ipande juu, na kinachoisukuma ni misuli ya shavu la mguu inapojikaza kila unapopiga hatua. Ndani ya vena mna vali ndogo zinazoizuia isirudi chini. Ukikaa saa nyingi bila kusogea, pampu hiyo imelala.

Daktari Mjerumani wa karne ya 19, Rudolf Virchow, ndiye anayekumbukwa kwa mambo matatu yanayofanya damu igande mahali isipotakiwa: damu kutuama, ukuta wa mshipa kujeruhiwa, na damu yenyewe kuwa na wepesi wa kuganda. Siku ya Thrombosisi (damu kuganda mishipani) Duniani huadhimishwa tarehe 13 Oktoba, siku aliyozaliwa.

Ujauzito huyakusanya yote matatu. Mwili hujiandaa mapema ili mama asipoteze damu nyingi wakati wa kujifungua, kwa hiyo viini vya kugandisha damu huongezeka. Mji wa mimba unaokua hukandamiza vena za nyonga, damu ya miguuni ikapanda kwa shida. Kisha kujifungua kwenyewe, hasa kwa upasuaji, hujeruhi mishipa. Estrojeni, homoni ya kike iliyomo kwenye baadhi ya vidonge vya uzazi wa mpango, huongeza viini hivyo hivyo vya kugandisha, ingawa kwa kiwango kidogo kuliko ujauzito.

Donge likikaa kwenye vena kubwa ya mguu, mguu huvimba na kuuma. Kipande kikikatika, husafiri na damu hadi moyoni, kikapita na kukwama kwenye mishipa ya mapafu. Hapo ndipo panapoua.

Hatua ya 1: Andika historia yako kwenye karatasi moja

Fanya hivi ukiwa mzima, si siku umelazwa na maumivu. Kaa na mama yako, dada zako, shangazi na mama wadogo, uwaulize moja kwa moja: katika ukoo wetu kuna aliyewahi kuvimba mguu mmoja akaambiwa damu imeganda? Kuna aliyefariki ghafla baada ya kujifungua au baada ya upasuaji? Wenye uzito zaidi ni mzazi, ndugu wa tumbo moja na mtoto wako, hasa kama walipata donge kabla ya miaka 50 bila sababu ya wazi. Mara nyingi habari hizi zimefichwa ndani ya neno "alianguka tu", kwa hiyo uliza kwa upole lakini usiishie hapo.

Upande wako, andika:

- Kama uliwahi kupata donge la damu, hata miaka 15 iliyopita. Hili liwe juu kabisa, maana ndilo zito kuliko yote.
- Mimba zilizoharibika. Tatu au zaidi mfululizo kabla ya wiki ya 10, au mtoto aliyefia tumboni baada ya wiki ya 10 bila sababu kujulikana, huweza kuashiria ugonjwa ambao kinga ya mwili hutengeneza viini vinavyogandisha damu. Ugonjwa huo una vipimo vyake, na unatibika.
- Selimundu, lupus (kinga ya mwili kuushambulia mwili wenyewe), saratani, ugonjwa wa figo unaopoteza protini kwenye mkojo, au ugonjwa wa uvimbe wa utumbo.
- Umri uliozidi miaka 35, uzito mkubwa (uwiano wa uzito na urefu wa 30 na zaidi), na uvutaji wa sigara.
- Dawa zote unazotumia, pamoja na za kupunguza hedhi nzito.

Kuhusu kurithi: hali inayojulikana zaidi ni Faktori V Leiden, iliyopewa jina la mji wa Leiden nchini Uholanzi ilikogunduliwa mwaka 1994. Kwa watu wenye asili ya Ulaya huwapata takriban 5 kati ya 100, lakini kwa wenye asili ya Afrika na Asia ya Mashariki ni nadra. Basi usitulizwe na kipimo hicho kimoja kikitoka safi. Historia ya familia ina uzito wake hata kama maabara haikuona kitu.

Hatua ya 2: Tambua vipindi vyako

Takwimu zinazotumiwa na mamlaka ya dawa ya Marekani zinasaidia kuona tofauti. Kati ya wanawake 10,000 wa umri wa kuzaa ambao si wajawazito na hawatumii vidonge, 1 hadi 5 hupata donge kwa mwaka. Kwa wanaotumia vidonge vyenye homoni mbili (estrojeni na projestini), ni 3 hadi 9. Kwa wajawazito, 5 hadi 20. Katika wiki 12 baada ya kujifungua, kiwango hupanda hadi 40 na hata 65.

Isome tena namba ya mwisho. Tunatumia nguvu nyingi kuogopa vidonge, ilhali hatari kubwa imekaa kwenye kitanda cha mzazi. Na ndani ya wiki hizo 12, sita za mwanzo ndizo kali zaidi. Baada ya hapo inashuka taratibu.

Vipindi vingine vya kuweka alama: miezi ya mwanzo ya kuanza vidonge vyenye estrojeni, au kuvirudia baada ya kuviacha kwa wiki nne au zaidi, upasuaji mkubwa, mguu kuwekwa plasta ngumu, kulazwa siku kadhaa kitandani, matibabu ya saratani, safari ndefu ya kukaa, na kuanza homoni za vidonge baada ya kukoma hedhi. Vikigongana viwili au vitatu, hatari huzidishana. Mwanamke anayetumia vidonge, akavunjika mguu, kisha akasafiri saa nane na plasta, anahitaji kuzungumza na daktari kabla hajapanda chombo.

Hatua ya 3: Chagua uzazi wa mpango kwa macho mawili

Swali la kuuliza ni moja: njia hii ina estrojeni? Vidonge vyenye homoni mbili vinayo, na vivyo hivyo kiraka cha ngozini na pete ya ukeni. Njia zisizo na estrojeni ni vidonge vyenye homoni moja, kijiti cha mkononi, kitanzi chenye homoni na kitanzi cha shaba. Hizi hazijaonekana kuongeza hatari kwa kiasi cha kutia wasiwasi, na kitanzi cha shaba hakina homoni kabisa. Sindano ya miezi mitatu iko katikati: baadhi ya tafiti zimeonyesha ongezeko. Asiye na hatari nyingine anaweza kuitumia, lakini aliyewahi kupata donge aijadili na daktari kwanza.

Hata vidonge vyenye homoni mbili havifanani. Mamlaka ya dawa ya Ulaya inakadiria wanawake 5 hadi 7 kati ya 10,000 kwa mwaka kwa vile vyenye levonorgestreli, noretisteroni au norgestimati, na 9 hadi 12 kwa vyenye drospirenoni, gestodeni au desogestreli. Geuza pakiti usome. Kama unaanza kwa mara ya kwanza na huna sababu ya kutumia aina nyingine, kundi la kwanza ndilo la kuomba.

Estrojeni usiiguse kama uliwahi kupata donge, kama una hali ya kurithi inayogandisha damu, kama una kipandauso kinachotanguliwa na kuona vimulimuli au kufa ganzi (hapo hofu kubwa ni kiharusi), au kama umevuka miaka 35 na unavuta sigara. Baada ya kujifungua, Shirika la Afya Duniani linaelekeza anayenyonyesha asianze vidonge hivyo kabla ya wiki sita, na ni bora asubiri miezi sita. Asiyenyonyesha angoje angalau wiki tatu, na sita kama ana hatari nyingine. Kijiti au kitanzi havihitaji kungoja hivyo kwa sababu ya damu kuganda.

Jambo moja nisingependa lipotee: usiache vidonge leo kwa hofu bila kuwa na njia nyingine mkononi. Mimba usiyoitarajia ina hatari ya donge kubwa kuliko vidonge ulivyoviacha.

Hatua ya 4: Ujauzito, na wiki sita za baada yake

Ile karatasi ya hatua ya 1 ipeleke hudhurio la kwanza kabisa. Usingoje uulizwe. Sema: "Naomba nipimiwe hatari ya damu kuganda." Tathmini hii inapaswa kufanywa mwanzoni mwa mimba, kila unapolazwa, na tena baada ya kujifungua, kwa sababu majibu hubadilika. Kutapika kupita kiasi hadi kuishiwa maji, maambukizi makali, mimba ya mapacha au shinikizo la damu la ujauzito vinaweza kukuhamisha kutoka kundi la hatari ndogo hadi kubwa.

Mwenye hatari kubwa huandikiwa sindano za heparini nyepesi, dawa ya kuzuia damu kuganda, kwa mfano enoksaparini. Wengi huiogopa kwa ajili ya mtoto, lakini haivuki kondo la nyuma, na hata wakati wa kunyonyesha inatumika. Aliyewahi kupata donge bila sababu ya wazi, au kwa sababu ya homoni, kwa kawaida huchomwa ujauzito wote na wiki sita baada ya kujifungua. Wengine huanza baada ya kujifungua tu, kwa siku kadhaa au wiki sita kulingana na tathmini.

Utafundishwa kujichoma mwenyewe chini ya ngozi ya tumbo au paja. Shika ngozi iwe mkunjo, ingiza sindano yote, sukuma dawa taratibu, toa, na usisugue. Badilisha mahali kila siku. Michubuko midogo ni kawaida. Andika saa ya kila sindano, kwa sababu hii: ganzi ya mgongo haichomwi mapema baada ya heparini. Kwa dozi ya kinga husubiriwa saa 12, kwa dozi ya matibabu saa 24. Uchungu ukianza, au ukiona damu ukeni, usijichome sindano inayofuata kabla ya kuongea na mkunga.

Kujifungua kwa upasuaji huongeza hatari mara nne hivi kulinganisha na njia ya kawaida, na upasuaji wa dharura ndio mzito zaidi. Kabla hujaingia, au mara tu ukizinduka, wewe au aliyekusindikiza aulize: "Kinga yangu ya damu kuganda ni ipi, na itaendelea kwa siku ngapi?" Jibu linaweza kuwa sindano, soksi maalumu, mashine ya kubana miguu, au kutembea mapema tu. Lolote liwe, liwepo jibu.

Kutembea mapema maana yake nini? Mara unaporuhusiwa kuinuka, kaa ukingoni mwa kitanda, simama, nenda hadi mlangoni na urudi, kisha rudia baada ya saa chache. Ukiwa kitandani, vuta vidole vya miguu kukuelekea kisha visukume mbali, mara nyingi kadiri unavyokumbuka. Kunywa maji ya kutosha. Mtu wa nyumbani anayetaka kukusaidia asikuzuie kuinuka: achukue kazi nzito, wewe akuachie kutembea.

Ukiruhusiwa kwenda nyumbani na sindano, zimalize. Watu huacha siku ya tatu kwa kuwa wanajisikia vizuri, lakini wiki sita hazijapita.

Hatua ya 5: Safari na upasuaji mwingine

Safari ya kukaa zaidi ya saa nne, iwe kwa ndege, basi, treni au gari, huongeza hatari takriban maradufu. Kwa mtu mwenye afya bado ni ndogo: Shirika la Afya Duniani lilikadiria mtu 1 kati ya 6,000. Inuka kila baada ya saa moja au mbili, fanya mazoezi ya vifundo vya miguu, usibane miguu kwa mizigo. Mwenye hatari ya ziada avae soksi za kubana zinazoishia chini ya goti, zilizopimwa zikamtosha, maana soksi inayojikunja na kukaza kama kamba hudhuru. Aspirini siyo kinga ya safari, usijipe mwenyewe.

Kwa upasuaji mkubwa uliopangwa, vidonge vyenye estrojeni kwa kawaida husimamishwa wiki nne kabla, na njia nyingine hushika nafasi. Mwambie daktari wa upasuaji kwamba unavitumia, kwani wanawake wengi hawavihesabu kuwa dawa.

Hatua ya 6: Baada ya kukoma hedhi

Homoni za vidonge kwa ajili ya joto la ghafla na kukosa usingizi huongeza hatari mara mbili hivi. Estrojeni ya kupaka au ya kiraka cha ngozini, kwa dozi za kawaida, haijaonekana kuiongeza, kwa kuwa haipiti kwanza kwenye ini. Kama una historia yoyote, hilo ndilo la kumuuliza daktari. Tamoksifeni ya saratani ya matiti nayo huongeza hatari mara mbili hadi tatu. Usiiache, ila zijue dalili.

Hatua ya 7: Dalili, na maneno ya kusema

Mguu: mmoja huvimba kuliko mwingine, huuma kama umekazwa na mkakamao usioachia, huwa wa moto. Vitabu husema "wekundu", lakini kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo tumia mkono kusikia joto na utepe kupima unene. Pima sentimita 10 chini ya kifupa kilichochomoza chini ya goti, miguu yote miwili. Tofauti inayozidi sentimita 3 ni ishara nzito, ila tofauti ndogo haikuhakikishii usalama. Wakati wa ujauzito donge hukaa zaidi mguu wa kushoto, kwa kuwa ateri (mshipa unaotoa damu moyoni) iendayo mguu wa kulia hupita juu ya vena ya kushoto na kuibana. Tena hukaa juu, hivyo maumivu yanaweza kuwa kinenani, kwenye tako au chini ya tumbo, na paja zima likavimba.

Mapafu: pumzi kukata ghafla, kifua kuchoma unapovuta hewa, kukohoa damu, moyo kwenda mbio, kuzimia. Hii ni dharura, nenda sasa hivi.

Kichwa: maumivu yasiyofanana na ya kawaida yako, yanayozidi siku hadi siku, pamoja na kuona ukungu, degedege au upande mmoja kulegea. Donge linaweza kukaa kwenye vena za ubongo, na wanaotumia vidonge au waliojifungua karibuni ndio hupatwa zaidi. Hii nayo ni dharura.

Serena Williams, bingwa wa tenisi, alijifungua kwa upasuaji wa dharura Septemba 2017. Siku iliyofuata pumzi ikamkata. Alishawahi kupata donge mapafuni mwaka 2011, akaijua hali. Akamwambia nesi anahitaji picha ya CT na heparini. Nesi akadhani dawa za maumivu zimemchanganya. Wakampima miguu kwa ultrasaundi, hawakuona kitu. Alisisitiza, picha ikapigwa, na mapafuni mkakutwa madonge kadhaa. Huyo ni mtu maarufu, mwenye historia iliyoandikwa, na bado ilibidi asisitize.

Kwa hiyo jifunze sentensi yenye mambo matatu: kipindi ulichomo, dalili, na ombi. "Nilijifungua wiki tatu zilizopita, mguu wa kushoto umevimba tangu jana, naogopa damu imeganda, naomba ultrasaundi ya mishipa." Ukiambiwa haihitajiki, uliza kwa adabu: "Ni nini kinachokuonyesha kwamba si donge? Naomba uandike kwenye faili langu." Mwenye pumzi fupi hawezi kubishana, kwa hiyo mfundishe sentensi hiyo mume, mama au rafiki atakayekuwa nawe.

Kipimo cha damu cha D-dimeri, kinachotumika kutafuta donge, hupanda chenyewe wakati wa ujauzito, hivyo hakitoshi kuamua. Picha ya mapafu kwa mjamzito ina mionzi michache sana kwa mtoto, na donge lisilotibiwa ni la hatari zaidi kwao wote wawili. Usiikatae kwa hofu hiyo.

Hatua ya 8: Ukigundulika

Matibabu huchukua angalau miezi mitatu. Kwa mjamzito huendelea hadi kujifungua na wiki sita au zaidi baada yake. Warfarini, kidonge cha kuzuia damu kuganda, haifai katika ujauzito, ila katika kunyonyesha inaruhusiwa. Rivaroksabani na apiksabani, vidonge vingine vya kazi hiyo, hazitumiki katika hali zote mbili.

Jambo ambalo wanawake hawaambiwi mapema ni hedhi. Dawa hizi huweza kuifanya nzito hadi ukapungukiwa damu. Ukibadilisha pedi kila saa, au ukitoka mabonge makubwa, rudi. Inawezekana kubadilishiwa dawa, kuwekewa kitanzi chenye homoni, au kupewa madini ya chuma. Usipunguze dozi mwenyewe, hasa ndani ya miezi mitatu ya mwanzo, wakati donge ni rahisi kurudi.

Na ukipanga kupata mimba ukiwa bado kwenye warfarini, mwone daktari kabla ya kuacha uzazi wa mpango, mkubaliane siku ya kubadilisha kwenda heparini. Mkichelewa, badiliko lifanyike mara kipimo cha mimba kinapoonyesha unayo, kabla haijatimiza wiki sita, kwa sababu kuanzia wiki ya 6 hadi ya 12 ndipo warfarini inapoweza kuharibu maumbile ya mtoto.